Ugumu wa Steringi Una Mahali Pake

Maneno haya niliwaambia madereva wa utalii na mafundi wao mjini Arusha, masika yalipokuwa yanaisha, kabla magari hayajarudi mbugani. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokuwa safarini siku ile.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja asubuhi hii, maana najua wengi wenu mna magari gereji yanayosubiri bajeti ya bosi.

Nianze na kona. Wote mnazijua kona za kushuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, pale Ziwa Manyara linapojitokeza chini na wageni wanaomba tusimame wapige picha. Miaka kadhaa iliyopita dereva mmoja aliniletea Land Cruiser ya mkonga, injini 1HZ, bodi imerefushwa kwa ajili ya wageni saba. Uzito wa steringi hakuutaja kabisa. Aliniambia, "Fundi, nikikata kona hairudi. Naikata vizuri, lakini kona ikiisha gari linataka kuendelea kukata. Lazima niivute mwenyewe." Alisema hivyo huku akionyesha kwa mikono, na nikaona mikono ile inatetemeka kidogo. Alikuwa ametoka kushuka zile kona na watu saba nyuma yake.

Nataka mshike hilo kabla ya mengine yote. Steringi nzima hurudi yenyewe. Kingpini za gari, yaani vyuma ambavyo magurudumu ya mbele hugeukia, zimeinamishwa kidogo kwa nyuma juu, kama uma wa baiskeli ulivyoinama, ili gurudumu likiachwa huru litafute kunyooka. Hiyo ndiyo kasta. Ukiona gari halirudi baada ya kona, ujue kuna kitu kinalishika. Pawa steringi inaweza kukuficha huo mshiko kwa miezi mingi, kwa sababu oili inakusaidia kusukuma na mkono wako hausikii kitu. Kwa hiyo msisubiri mpaka steringi iwe nzito ndipo mseme. Siku ile inapoacha kurudi, ugonjwa umeshaingia.

Gari lile lilikuwa limepita sehemu mbili kabla ya kufika kwangu. Sehemu ya kwanza walibadilisha pampu ya pawa steringi. Ya pili walisema boksi la steringi limechoka, wakanunua boksi la mtumba, wakalifunga. Fedha ya mwenye gari ikaenda mara mbili na kona za Mto wa Mbu zikabaki vilevile. Sitaji ni akina nani, na haina haja, kwa sababu kosa lile nimeliona kila mahali, na mimi mwenyewe nililifanya nilipokuwa kijana. Ni kosa la kununua kifaa kabla ya kujua ugonjwa umekaa wapi.

Ugumu wa steringi una mahali pake. Kutoka mikononi mwako mpaka kwenye tairi kuna mnyororo: usukani wenyewe, nguzo yake, kroso za nguzo, yaani viungo vyake vinavyopinda, boksi lenye gia, mkono wa boksi, dragi linki, ile fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda kwenye gurudumu, tairodi inayounganisha magurudumu mawili, dampa ya kupunguza mtikisiko, kingpini kila upande, kisha tairi na barabara. Kila pingu ya mnyororo huo inaweza kukaza. Ukikaa kwenye kiti ukageuza usukani, unasikia mnyororo mzima kwa pamoja, na sikio la mkono halina uwezo wa kukuambia ni pingu ipi. Dawa ni kuukata mnyororo katikati, usikilize nusu moja moja.

Tunafanyaje? Kwanza, upepo. Najua mtaniona nawarudisha darasa la kwanza, lakini kuna magari yanayotoka Ndutu yakiwa yameteremshwa upepo mpaka psi 18 kwa ajili ya tope na mchanga, na hakuna aliyekumbuka kuyajaza. Chukua geji, soma kibandiko cha mlangoni, jaza. Tairi ya 7.50R16 iliyokuja na gari ni nyembamba. Mwenye gari akikufungia tairi pana zaidi ili gari lipendeze, steringi itakuwa nzito zaidi, hasa gari likiwa limesimama, na huo si ugonjwa. Ni gharama ya urembo.

Baada ya hapo nyanyua mbele. Weka mawe nyuma ya tairi za nyuma, pandisha kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya ekseli pande zote mbili. Jeki peke yake haitoshi. Narudia kwa ajili ya vijana: jeki peke yake haitoshi, hata kama ni ya kuangalia dakika mbili tu. Injini ikiwa imezimwa, geuza usukani kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, taratibu. Utasikia uzito kidogo kwa sababu unasukuma oili ndani ya boksi, huo uache. Tafuta mahali panaposhika, panapokwaruza, au panapokuwa pepesi ghafla. Na uangalie panatokea wapi katika mzunguko.

Ukisikia inashika na kulegea, inashika na kulegea, mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa usukani, hapo karibu uhakika ni kroso ya nguzo. Kroso iliyokauka hujieleza yenyewe namna hiyo. Land Rover Defender wanaujua sana ugonjwa huu, maana kroso zake za chini zimekaa wazi, zinapigwa na tope na maji kila siku.

Ikishika pale tu magurudumu yanapokuwa yamenyooka, kisha ikawa nyepesi ukipita kushoto au kulia, tulia. Hapo ndipo mafundi wengi wanapotea, na hapo ndipo nataka tukae kwa muda.

Kuna vitu viwili vinavyotoa dalili hiyo hiyo. Cha kwanza ni boksi lililokazwa. Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Dereva akilalamika kwamba steringi ina mchezo, fundi mwenye haraka huifungua ile nati, anakaza skrubu robo mzunguko, mchezo unapungua, anapewa ahsante. Lakini mchezo ule mara nyingi ulikuwa kwenye vichwa vya tairodi vilivyokwisha. Amekaza gia za boksi kufidia kichwa cha tairodi. Boksi limetengenezwa liwe limebana zaidi pale katikati, kwa hiyo ukilikaza kupita kiasi ni pale katikati litakaposhika kwanza. Gari litaenda moja kwa moja huku linakung'ang'ania, halirudi, na meno ya gia yanalika. Ile skrubu si ya kuondolea kila mchezo. Iguseni baada ya kuthibitisha kwamba kila kichwa na kila beringi nje ya boksi ni mzima, na muiguse kwa kipimo cha kitabu.

Cha pili ni beringi za kingpini. Fikirieni barabara kutoka lango la Lodoare kupita Ngorongoro mpaka kilima cha Naabi, ile changarawe yenye mawimbi kama bati. Beringi ya gurudumu inazunguka, kila ronya, yaani kipande cha chuma kinachobiringika ndani yake, inapokea kipigo kwa zamu. Beringi ya kingpini haizunguki. Inacheza kidogo tu kushoto na kulia, na kwa sehemu kubwa ya safari imetulia palepale, magurudumu yamenyooka, huku barabara inapiga nyundo maelfu ya mara kwenye ronya zilezile dhidi ya kikombe kilekile. Baada ya misimu kadhaa kikombe kinapata mistari, mmoja kwa kila ronya, kama alama za kucha. Sasa kila magurudumu yanaponyooka, ronya zinaangukia kwenye mifereji yao na kutulia. Kuzitoa humo kunahitaji nguvu, ndiyo ule mshiko unaousikia katikati. Na kwenye kona gari halirudi sawasawa, au likirudi linaipita katikati na kukamatwa tena.

Mnaona tatizo? Boksi lililokazwa na kingpini yenye mifereji, mkononi vinafanana kama mapacha. Ndiyo maana wale waliotangulia walinunua boksi. Hawakuwa wajinga. Walisikia mshiko katikati, wakasema ni boksi, na ingeweza kuwa kweli.

Nati moja tu ndiyo iliyotutofautishia. Gari likiwa limenyanyuliwa, toa kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee, ya dragi linki kwenye mkono wa boksi, legeza nati, kisha gonga pembeni ya jicho la mkono, pale kichwa kilipokaa, mpaka kiachie. Usipige nyuzi za boliti, utaziharibu na utajuta wakati wa kufunga. Kikiachia, mnyororo umekatika katikati. Nikamwambia yule dereva aingie ageuze usukani. Uligeuka vizuri kutoka mwisho mpaka mwisho, bila kushika popote. Maana yake nguzo ni nzima, kroso ni nzima, na lile boksi la mtumba, bora au baya, halikuwa na kosa. Nikashika gurudumu la kushoto kwa mikono miwili, nikaligeuza. Nilipofika katikati likakaa kwenye shimo lake, tap. Dereva alilisikia akiwa ndani ya gari.

Tulifungua tairodi pia ili tupime kila upande peke yake. Kulia kulikuwa afadhali. Kushoto, beringi ya chini ilikuwa nyekundu kwa kutu, na grisi ndani ya nako, kile chuma kinachogeuka pamoja na gurudumu, imekuwa uji mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye mto fulani wakati wa masika na hayakutoka. Yakatulia chini, na beringi ya chini ndiyo inayokaa kwenye dimbwi.

Hapo niseme juu ya masika, kwa sababu ndiko mnakotoka wote. Ekseli ya mbele ya Land Cruiser hizi ina mpira mkubwa wa chuma kila upande, na ndani yake kuna jointi na grisi. Nyuma ya nako kuna sili ya mpira na ya kitambaa kizito inayopangusa mpira ule wa chuma nako inapogeuka. Sili ile inazuia vumbi vizuri. Maji inayazuia kidogo tu. Gari likivuka mto huku ekseli imepata moto, chuma kinapoa ghafla, hewa ndani inajikunja, na inavuta maji kupitia sili. Halafu mkirudi mjini kijana wa kuosha anaelekeza pampu ya presha palepale kwenye sili, akitaka mpira wa chuma ung'ae. Mwambieni aache. Sehemu ile ifutwe kwa tambara.

Angalieni nyuma ya magurudumu ya mbele kila wiki. Mkiona grisi nzito kidogo imetoka, ni kawaida. Mkiona uji mwembamba unaotiririka mpaka ndani ya rimu, sili ya ndani ya ekseli imekwisha na oili ya difu inachanganyika na grisi. Grisi iliyolegezwa na oili haikai tena kwenye beringi. Juu ya nako kuna plagi ya mraba, fungueni muangalie kilichomo. Grisi inayotakiwa humo ni ile nyeusi yenye molibdenamu, wala siyo yoyote iliyobaki kwenye kopo.

Na shimu. Chini ya vifuniko vya kingpini kuna shimu nyembamba zinazopanga beringi ibanwe kiasi gani. Ukiondoa shimu, beringi inabanwa zaidi. Nimeona magari mengi yaliyokuja yakitetemeka mbele kwenye mwendo wa 80, sababu ikiwa tairi isiyo na balansi, na mtu akaondoa shimu mpaka mtetemo ukaisha. Mtetemo uliisha kweli, lakini steringi ikawa kama ya trekta. Kubanwa kwa kingpini kunapimwa, hakukisiwi. Kwa Land Cruiser ya 80, kitabu cha kiwanda kinataka kilo 3 hadi 6 za kuanzisha mwendo, ukifunga mizani ya kuning'iniza kwenye ncha ya mkono wa nako na kuvuta kwa pembe mraba, tairodi ikiwa imefunguliwa. Ni ile mizani ya wauza samaki, inapatikana soko lolote. Gari jingine lina namba zake, fungua kitabu chake. Lakini fundi anayefunga kingpini bila mizani, mwulizeni amejuaje.

Tulibadilisha beringi zote nne na vikombe vyake, sili zote, tukaosha mpira na jointi, tukaweka grisi mpya, tukapanga shimu kwa mizani. Mwenye gari alipoona bili alinyamaza muda mrefu. Vifaa vyote vile vilimgharimu chini ya lile boksi la mtumba.

Kwa wenye Land Rover za zamani, Series, ambazo bado zinabeba watu na mizigo vijijini: zenu zina kitu kimoja ambacho Land Cruiser hizi hazina. Katikati ya mnyororo, ndani ya chesisi mbele, kuna relei ya steringi, chuma kirefu kilichosimama kinachopokea mwendo kutoka boksi na kuupeleka kwenye magurudumu. Kinahitaji oili, na karibu hakuna anayekumbuka kuiweka. Kikikauka, steringi inakuwa ngumu mwendo wote, na hairudi. Kijazeni oili. Lakini msikifungue barazani kwa nyundo. Ndani yake kuna springi yenye nguvu nyingi iliyokandamizwa, na ikiruka inaweza kumuua mtu. Kazi hiyo mpelekeeni anayeijua na mwenye vifaa vya kuishikilia.

Pawa steringi nitaipitia haraka, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa kwanza na mara nyingi haina hatia. Kama steringi ni nzito injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, na inalegea ukikanyaga mafuta, angalia mkanda, au pampu yenyewe kama gari lako linaiendesha kwa gia. Oili ikiwa na povu, kuna hewa inaingia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imwageni, safisheni kichujio cha kwenye kopo, jazeni oili ya ATF aina ya Dexron, kisha toeni hewa: mbele imenyanyuliwa, injini imezimwa, geuza mwisho mpaka mwisho mara kadhaa huku mwenzako anaongeza oili, ndipo uwashe. Na mkiwa mbugani mnageuza gari kumfuata simba, msishikilie usukani mwisho kabisa zaidi ya sekunde chache. Pampu inapiga presha yake yote na oili haina pa kwenda, inachemka. Nzito upande mmoja tu na nyepesi upande wa pili? Kata mnyororo kwanza, kama nilivyosema. Ikibaki hivyo baada ya dragi linki kufunguliwa, sasa una haki ya kulishuku boksi.

Dampa nayo msiisahau. Ni shokapu iliyolala mbele ya ekseli. Ifungueni, isukumeni na kuivuta kwa mkono. Iende sawa pande zote mbili. Iliyopindwa na jiwe hukwama mahali pamoja, na nimewahi kuona watu wakizunguka wiki nzima wakitafuta ugonjwa uliokuwa umelala wazi mbele ya macho yao.

Kuna jambo linaloniuma, na nitalisema. Tairodi ikipinda, msikubali ipashwe moto na kunyooshwa, wala ichomelewe. Najua mnakuwa mbali, najua wageni wanasubiri. Kama hakuna namna, inyosheni baridi, mwendo wa taratibu mpaka mjini, na siku hiyohiyo ibadilishwe. Kitu hicho ndicho kinachoshika magurudumu yote mawili. Hali kadhalika nati nne za mkono wa nako, zikazeni kwa toki spana, ile spana yenye kipimo, na mziangalie tena baada ya safari ya kwanza ya changarawe. Zikilegea, boliti zinakatika.

Sasa neno kwenu madereva, maana fundi ni nusu ya kazi. Mkitufikishia gari, msiseme tu "steringi ngumu." Tuambieni inakuwa ngumu lini: gari likisimama au likienda, asubuhi ikiwa baridi au mchana, kushoto au kulia au katikati, inarudi au hairudi. Tuambieni mlivuka mto gani, na nani aligusa steringi mara ya mwisho. Yule dereva wa Mto wa Mbu alinipa jibu kwa sentensi moja, "hairudi," na mikono yake ikanionyesha. Wale waliotangulia sijui kama walimwuliza.

Na kwenu wenye magari, wachache niliowaona mmekaa kule nyuma: dereva akikwambia steringi imebadilika, usimjibu kwamba gari limepata pampu mpya mwezi uliopita. Yeye ndiye anayeshuka nalo kwenye bonde la Ngorongoro, mita mia sita za ukuta, na watu nyuma yake. Mpe siku moja ya gereji.

Pale nje, chini ya mwarobaini, kuna Land Cruiser moja tumeshainyanyua na kuiweka kwenye stendi. Ina mshiko katikati. Sijawaambia ni boksi au ni kingpini, na dragi linki bado imefungwa. Spana ziko juu ya bonnet. Waanze wale ambao hawajawahi kuifungua.